Jicho la Wavu Lisiloliona Tuta

Mvuvi wa Port Victoria akiulizwa habari za wavu wake, aghalabu huanza na macho. Urefu wa wavu na uzito wa uzi huja baadaye. Wavu wa mbuta una macho mapana, wavu wa omena una macho madogo yanayokaribia yale ya chandarua, na kile atakachorudi nacho mvuvi ufuoni kimekwisha kuamuliwa kabla mashua haijaingia majini. Samaki aliye mdogo kuliko jicho hupita akaenda zake, na mvuvi hana njia ya kujua kwamba alipita.

Mada yangu leo ni ya kompyuta, wala sijapotea njia. Zipo programu ambazo kazi yake ni kuiga mwenendo wa ulimwengu: jinsi mvua itakavyonyesha, jinsi mto utakavyofurika, jinsi moshi wa kiwanda utakavyosambaa. Programu hizi za uigaji haziwezi kuushughulikia ulimwengu jinsi ulivyo, kwa kuwa ulimwengu hauna mwisho wa vijisehemu. Sharti kwanza mtu atandaze wavu juu ya ramani, na aamue mambo matatu: wavu uanzie wapi, ulale kuelekea upande gani, na kila jicho liwe na upana wa mita ngapi. Ndani ya kila jicho kompyuta huandika tarakimu moja tu kwa kila jambo. Mwinuko mmoja, kina kimoja cha maji, kiasi kimoja cha mvua. Chochote kilicho chembamba kuliko jicho ama hupotea kabisa ama huyeyushwa ndani ya wastani wa majirani zake.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu hufundishwa haya kwa Kiingereza, na wanaporejea katika Kiswahili husema "gridi" na "seli". Gridi sina ugomvi nayo. Seli, hata hivyo, kwa mwanafunzi wa biolojia ni chembe ya uhai, na kwa mpita njia ni chumba cha mahabusu. Kuna haja gani ya kulitwisha neno moja mizigo mitatu, ilhali wavuvi wametuachia jicho? Wavuvi wa pwani waliviita vyombo vyao kwa majina mbalimbali kwa kuzingatia macho yake. Jarife lenye macho makubwa la kunasia papa, na kimia chenye macho madogo. Lugha iliyokwisha kutofautisha jarife na kimia haiwezi kusemwa kuwa imepungukiwa na msamiati wa jambo hili. Basi katika makala haya nitasema wavu, na nitasema jicho, na msomaji atanielewa.

Mtu angeweza kudhani kwamba upana wa jicho ni suala la wahandisi peke yao, tena wa nchi za mbali. La hasha. Katika Kaunti ya Busia ni suala la nani alale nyumbani kwake usiku wa leo na nani abebe watoto akimbie.

Mto Nzoia huanzia katika milima ya Cherang'ani na miteremko ya Elgon. Huteremka kupitia Trans Nzoia, ukapita Webuye na Mumias, ukapita chini ya daraja la Rwambwa, na hatimaye ukamwaga maji yake katika Ziwa Viktoria huko Bunyala, pembe ya kusini ya kaunti hiyo. Bonde lake zima lina zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Sehemu ya mwisho, ambayo wengi tunaijua kwa jina la Budalang'i, ni tambarare tupu, na ndiyo sababu wakazi wake walijengewa matuta ya udongo kando ya mto, upande huu na upande ule. Mvua inayonyesha Kitale huwafikia baada ya muda, wakati mwingine chini ya mbingu isiyo na hata wingu moja. Matuta hayo yalipasuka mwaka 2003, yakapasuka tena mwaka 2008. Mwaka 2020 hatari ilikuja kwa mlango wa nyuma: maji ya ziwa yenyewe yalipanda hadi yakazidi kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kimetajwa kwa zaidi ya miaka hamsini kama upeo, na yakaingia mashambani na majumbani. Walimu wa Bunyala hawahitaji kusimuliwa na mtu wa mbali jinsi darasa linavyogeuka kuwa kambi, na jinsi mtihani wa muhula unavyosubiri watu wahamishwe.

Sasa chukua mtaalamu, awe Nairobi au awe ng'ambo, aliyepewa kazi ya kuiga mafuriko ya Budalang'i. Kitu cha kwanza anachohitaji ni mwinuko wa ardhi. Hajawahi kufika Mukhobola wala Makunga, na hakuna aliyempa fedha za kupima ardhi kwa hatua. Atafanya wanavyofanya wengi. Atachukua vipimo vilivyokusanywa mnamo Februari 2000 na chombo cha angani cha Marekani kiitwacho Endeavour, kilichoizunguka dunia kwa siku 11 kikipima miinuko kwa rada. Ilikuwa kazi kubwa yenye manufaa makubwa, na hupatikana bila malipo. Kwa miaka mingi vipimo vya bara letu vilitolewa kwa jicho la mita 90. Jicho la mita 30, ambalo Wamarekani walikuwa nalo kwa nchi yao, tulifunguliwa mwaka 2014.

Hebu tufanye hesabu ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili anaiweza. Tuseme tuta lina kimo cha mita 3, upana wa mita 4 juu na mita 16 chini. Likikatwa kama mkate, uso wa kipande chake ni mita za mraba 30. Sambaza udongo huo katika jicho lenye upana wa mita 90, nawe utapata kiinuko cha sentimita 33. Tuta lililomzidi mtu kimo limekuwa tuta la viazi! Katika jicho la mita 30 linakuwa mita 1, yaani theluthi ya kimo chake. Na hapo nimekuwa mkarimu, kwa sababu vipimo vile vya mwaka 2000 viliandikwa kwa mita kamili pasi na sehemu za mita, na kosa lake la kwenda juu na chini laweza kufika mita kadhaa. Zaidi ya hayo, rada ile haikupenya vizuri mimea iliyosongamana. Penye kichaka cha mafunjo au mstari wa miti, iliandika kimo kilichopandishwa na mimea hiyo ikakiita ardhi. Katika wavu wa namna hii, kinamasi chaweza kuonekana kimeinuka kuliko tuta linalokizuia.

Kinachofuata ndicho kinachonitia hofu. Kompyuta haitalalamika. Haitasema kwamba tuta halikuonekana. Itakokotoa kwa utiifu, itatoa ramani yenye rangi ya buluu iliyokolea na kufifia, na ramani hiyo itakuwa na mvuto uleule ambao ingekuwa nao kama tuta lingekuwemo. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Maji katika uigaji huo yatavuka mahali ambapo katika Bunyala halisi yangezuiwa, na kila mto utakapopanda kidogo ramani itapaka tambarare yote rangi ya maji. Tangazo litatolewa, watu watahama, maji hayatafika. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu watakaa, na huenda hiyo ya tatu ndiyo tuta litakapopasuka kweli.

Msomaji atauliza: kwa nini basi jicho lisipunguzwe likawa la mita 5, au la mita 1, tukamaliza maneno?

Jibu lake ni la bei, na bei yenyewe hupanda kwa namna ambayo akili haitarajii. Chukua eneo la kilomita 20 kwa 10. Kwa jicho la mita 90 utakuwa na macho yapatayo 24,700. Kwa jicho la mita 30 utakuwa na 222,000. Kwa jicho la mita 5 utakuwa na 8,000,000. Lakini hiyo ni nusu ya hadithi. Mwaka 1928 wanahisabati watatu, Courant, Friedrichs na Lewy, walionyesha kwamba jicho na saa haviachani. Uigaji huenda kwa hatua za muda, mithili ya picha za sinema, na katika mbinu nyingi hatua moja haipaswi kuwa ndefu kiasi cha wimbi kuruka jicho zima kabla halijahesabiwa. Wimbi liendalo mita 2 kwa sekunde hulivuka jicho la mita 30 kwa sekunde 15. Jicho la mita 5 hulivuka kwa sekunde 2 na nusu. Kwa hivyo ukipunguza jicho kutoka mita 30 hadi 5, macho yanaongezeka mara 36, na hatua za muda zinaongezeka mara 6, na kazi yote inakuwa mara 216. Uigaji uliochukua dakika 10 utachukua saa 36. Unafaa nini utabiri unaomalizika baada ya maji kushuka? Tena yote haya yanachukulia kwamba vipimo vya mita 5 vipo. Kulikata jicho la mita 90 vipande vidogo bila ya vipimo vipya ni sawa na kuipasua noti ya shilingi 1,000 vipande kumi ukadai umepata mia kumi.

Wazo hili la wavu ni kongwe kuliko kompyuta zenyewe. Mwingereza Lewis Fry Richardson, aliyekuwa akiendesha gari la wagonjwa nchini Ufaransa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, aliigawa ramani ya Ulaya ya kati kwa miraba kama ubao wa drafti, akajaribu kukokotoa kwa mkono hali ya hewa ya siku moja ya Mei 1910. Macho yake yalikuwa na upana wa kilomita zipatazo 200. Jicho moja la aina hiyo likianzia Busia hukaribia Nakuru. Jawabu lake lilikosea vibaya mno, naye akalichapisha hivyo hivyo katika kitabu chake cha mwaka 1922, pamoja na ndoto ya ukumbi wenye watu 64,000 wakipiga hesabu za dunia nzima kwa pamoja. Tarakimu zile zilishindwa, lakini watabiri wote wa leo ni wajukuu wake.

Turudi Bunyala. Kama jicho dogo ni ghali na jicho pana ni pofu, je, hakuna njia ya tatu? Ipo, na kwa maoni yangu ndiyo iliyo na mafunzo mengi zaidi kwa mwanafunzi. Programu iitwayo HEC-RAS, iliyotengenezwa na kituo cha elimu-maji cha Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani na inayotolewa bure, ilianza mwaka 2016 kuiga mafuriko yanayotanda pande zote badala ya kufuata mkondo peke yake. Ndani yake macho si lazima yawe miraba, bali yanaweza kuwa na pande hata nane. Mtumiaji huanza kwa kutaja nafasi baina ya jicho na jicho, tuseme mita 50, na programu humtandazia wavu ulionyooka. Kisha anaweza kuchora mstari juu ya tuta, na programu itaupinda wavu ili kingo za macho zilale sawasawa juu ya mstari huo.

Kwa nini ukingo uwe na uzito hivyo? Kwa sababu katika programu hii maji huhama kutoka jicho hadi jicho kwa kupita ukingoni, na kila ukingo hubeba umbo la ardhi iliyo chini yake kama ilivyopimwa. Tuta lililo ukingoni ni ukuta, nalo huyazuia maji mpaka yalizidi kimo. Tuta lilelile likiangukia katikati ya jicho halizuii chochote; kompyuta hulihesabu kama sehemu ya sakafu ya chombo, na maji hutokea upande wa pili kana kwamba hapakuwa na kitu. Mtu anaweza kuwa na vipimo bora kabisa, vya jicho la mita 1, na bado akalipoteza tuta kwa kuwa wavu wake ulilala vibaya.

Habari ya ulalo nayo ina miujiza yake. Mto unaokwenda mshazari, ukiigizwa kwa miraba iliyopangwa kaskazini na kusini na maji yakaruhusiwa kupita pande nne tu, hugeuka kuwa ngazi. Kila mita 100 za mto halisi huwa takriban mita 141 za ngazi, na mto huo wa kompyuta hufika umechelewa bila kosa lake.

Lakini mstari wa tuta atauchora nani? Hapa ndipo ninapoachana na wanaoamini kwamba picha za angani zimetuondolea haja ya kuuliza watu. Picha itakuonyesha tuta lipo. Haitakuonyesha mahali ambapo ng'ombe wamelisaga kwa kwato mpaka likapungua nusu mita, wala palipochimbwa na fuko, wala palipolimwa mahindi juu yake kwa kuwa udongo wake ni mzuri. Haitakuonyesha palipojazwa magunia ya mchanga mwaka juzi na magunia yakaoza. Tuta hupasuka mahali pamoja, na mahali hapo hujulikana kwa jina. Mama anayepita hapo kila siku kwenda kuteka maji analijua, na mwanafunzi anayepita hapo kwenda shule analijua. Wavu wa mtaalamu, hata uwe wa macho membamba namna gani, haulijui mpaka aambiwe.

Nimekaa sana Bunyala. Niruhusu sasa nipande kaskazini, maana miji miwili ya mpakani ina funzo la namna nyingine.

Kutoka Busia hadi Malaba kwa mstari ulionyooka ni kilomita zisizofika 30. Kwa miaka mingi watafiti wa mvua katika maeneo yetu yasiyokuwa na vipimamvua vya kutosha walitegemea setilaiti ya Marekani na Japani iliyorushwa mwaka 1997 na kumaliza kazi mwaka 2015, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma na wenzao wa NASA waliutumia mto huu wetu wa Nzoia katika utafiti wao wa mafuriko uliochapishwa mwaka 2011. Takwimu za mvua zilizotumiwa sana kutoka setilaiti hiyo zilikuwa na jicho la robo ya nyuzi, yaani karibu kilomita 28 hapa kwetu kwenye ikweta. Busia iko karibu na dakika 28 kaskazini mwa ikweta, na nyuzi 34 na dakika 6 mashariki. Malaba iko karibu na dakika 38 kaskazini, na nyuzi 34 na dakika 16 na nusu mashariki. Ukiuanza wavu kwenye nyuzi kamili, mpaka wa jicho hupita dakika 15 baada ya nyuzi 34, na mwingine hupita dakika 30 kaskazini mwa ikweta. Malaba basi imevuka upande wa mashariki kwa dakika moja na nusu tu. Miji hii miwili imo katika macho mawili tofauti yanayogusana pembeni. Sukuma wavu mzima dakika chache mashariki na kaskazini, pasi na kubadilisha upana wake hata kidogo, nayo miji yote miwili itaingia katika jicho moja na kupewa mvua moja. Anayelijua eneo hili anajua kwamba mvua ya radi ya alasiri yaweza kuwalowesha madereva wa malori wanaosubiri Malaba huku vumbi likiendelea kutimka Busia. Hakuna uzembe wa mtu hapa. Uamuzi wa mahali pa kuanzia wavu ulifanywa kwa ajili ya dunia nzima, na Malaba ikaangukia ilipoangukia.

Tena kuna jambo ambalo ramani za barabara hulificha. Kati ya miji hii miwili mmepita mgongo wa maji. Maji ya Busia huelekea Mto Sio, ambao sehemu zake za chini ndizo mpaka wa nchi mbili, na hatimaye Ziwa Viktoria. Maji ya Malaba huingia mto wenye jina hilo, hukutana na Mpologoma nchini Uganda, na kumwagika katika Ziwa Kyoga. Matone mawili yaliyoanguka umbali wa safari fupi ya matatu hutengana, na hayakutani tena mpaka Kyoga, baada ya lile la Busia kuzunguka kupitia ziwa kubwa na Jinja. Mgongo huu si mlima. Ni mwinuko wa taratibu ambao msafiri haushuki wala haupandi kwa kujua, na jicho pana huufuta kwa urahisi likawapa Wateso wa Malaba mto usiokuwa wao.

Kosa jingine linalotokea mipakani ni la kuukata wavu penye mpaka wa nchi, kwa kuwa takwimu za serikali huishia hapo. Tangu mwaka 2018, ulipozinduliwa rasmi utaratibu wa kituo kimoja cha pamoja huko Busia, msafiri hugongewa mihuri ya nchi mbili chini ya paa moja. Maji hayakuwahi kusubiri paa hilo. Wavu wa kuigia Mto Sio au Mto Malaba sharti ufike kwenye migongo ya maji pande zote, Kenya na Uganda, la sivyo nusu ya mto itakuwa imezaliwa bila wazazi. Ndiyo maana nchi za Bonde la Nile ziliwahi kuiweka mito ya Sio, Malaba na Malakisi katika mradi mmoja wa pamoja.

Sisi wa isimu tuna wavu wetu pia, na ndio ulionifanya niivamie taaluma ya wengine. Mnamo mwaka 1876 Mjerumani Georg Wenker alianza kutafuta mipaka ya lahaja za lugha yake. Aliandika sentensi chache, akawapelekea walimu wa shule za msingi kwa posta, na kuwaomba waziandike kama zinavyosemwa kijijini. Kazi ilipokamilika alikuwa na majibu kutoka shule zaidi ya 40,000. Mfaransa Edmond Edmont, akitumwa na Gilliéron, alifanya kinyume: kati ya 1897 na 1901 alizungukia vituo 639 akiwahoji watu ana kwa ana kwa sikio kali ajabu. Ukiigawa Ufaransa kwa vituo vyake, utaona kila kimoja kilikuwa kama kilomita 30 kutoka kwa mwenzake; umbali wa Busia na Malaba! Msomi wa namna ya Edmont akipita kwetu atapata Kikhayo kituo kimoja na Kiteso kituo kinachofuata, lugha moja ya Kibantu na nyingine ya Kinailoti, na atachora mstari mzuri katikati. Hatasikia soko la Amukura wala masoko yote yaliyo kati ya vituo vyake, ambako muuzaji mmoja hubadilisha lugha mara tatu kwa mteja mmoja.

Wenker alikosa sikio la Edmont, lakini alikuwa na kitu ambacho fedha haziwezi kukinunua: jicho lake lilikuwa na upana wa shule. Na kila ninapotafakari matuta ya Budalang'i narejea hapo. Silabasi yetu ya jiografia inamtaka mwanafunzi ajue kutumia kipimamvua, na shule kadhaa zina vituo vidogo vya hali ya hewa uani, vingine vikiwa vimemezwa na nyasi. Wavu wa shule katika Busia una macho membamba kuliko wavu wa setilaiti ile kwa mbali. Tarakimu moja kila asubuhi saa tatu, ikiandikwa bila kurukwa hata Jumapili, ikipelekwa kwa Idara ya Hali ya Hewa, ingetuambia kama Malaba na Busia zilipata mvua moja au mbili. Na darasa la jiografia la Bunyala laweza kufanya kazi ambayo setilaiti haiwezi: kutembea juu ya tuta kutoka Rwambwa kuelekea ziwani mara moja kila muhula, na kamba, na fimbo yenye alama za sentimita, likiandika palipobonyea na palipochimbwa.

Vifaa vya kazi hiyo vinagharimu pungufu ya mpira wa miguu. Kipimo cha kwanza kikifanywa Januari, kitakuwa mezani kwa wahandisi kabla ya mvua ndefu za Machi, na anayeketi mbele ya HEC-RAS atakuwa na mstari wa kuchora na kimo cha kuuandikia, pamoja na majina ya mahali ambapo ukingo wa jicho haupaswi kukosea.